Msimvue Agufana Jina Lake

Satellite, Riruta,
Nairobi.
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Enoka,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye matope. Mvua imenyesha wiki nzima, na barabara ya kuingia kwetu imegeuka shamba la mpunga ambalo hakuna aliyelipanda. Natumaini huko nyumbani mmepata ile ya kiasi, inayolea mahindi bila kuyalaza. Mama anaendeleaje na goti? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni mzima wa kichwa na wa moyo. Habari za mwili ziko humu ndani, na nakuomba usiruke mistari kuzitafuta. Soma kwa mpangilio nilioandika.

Utashangaa kukuta barua ndani ya kifurushi cha dawa ya goti na miwani ya Mama, wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu tangu Pasaka simu zetu ni za kelele tu. Wewe unakata, mimi napiga tena, unakata tena. Barua haikatwi. Unaweza kuitupa jikoni kwa hasira, lakini nakujua, utairudia uiokote. Ni wewe uliyenifundisha kusoma, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, na hujawahi kuacha karatasi yenye maandishi chini.

Kabla sijakushambulia, nikiri langu. Pasaka, mbele ya wazee na mbele ya mkeo, nilisema kwamba unaogopa kivuli cha marehemu baba yetu. Mahali hapakuwa pake. Nilishinda mabishano siku ile, na tangu siku ile ndugu yangu hanisalimii. Naweza kuishi bila ushindi wa namna hiyo. Nisamehe.

Sasa nije kwenye jambo.

Mwanao Agufana alikuja hapa kwangu Jumamosi ya juzi akitoka kazini Waithaka. Unajua anavyofanya kazi ile ya kuchomelea mageti. Alikuja na miwani yake myeusi bado iko kwenye paji la uso, viatu vimejaa cheche zilizokauka. Hakukaa.

"Anti, nimepewa jina jipya," akasema. "Saa hii mimi ni Emanueli."

"Nani amesema?"

"Buda," akasema, akimaanisha wewe. "Amesema wamepanga na Mzee Elija wa ukoo. Kuna kondoo ishanunuliwa. Naenda nyumbani, wananiosha, wanaita jina langu mara tatu kwa kaburi ya guka, huyo babu mwenye jina, halafu wanaliacha hapo. Nisipoenda, nisimhesabu kwa harusi."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kitambulisho kimeandikwa Agufana. Cheti cha kuzaliwa, Agufana. Kila geti nimetengeneza kuanzia Waithaka mpaka Kawangware nimechomelea A yangu hapo chini kwa kona. Sasa nizunguke na msasa nikikwangua mageti ya watu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba umetuma neno hata kwa wazazi wa Mwende, yule msichana wake wa Mountain View, kwamba mambo ya posa yangoje mpaka jina lioshwe. Halafu akakaa, akatoa miwani kichwani, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chuma: "Anti, hii kitu ilimaliza guka inakaa kwa jina ama inakaa kwa damu? Niambie tu ukweli."

Enoka, ukweli huo nilikuwa nao kwenye droo kwa miezi miwili. Niliuficha. Mimi, ambaye nimewaandikia wahariri wa magazeti barua zisizo na idadi nikiwafokea watu wanaoficha mambo.

Nianze ulikoanzia. Unaijua kazi yangu pale mjini, kwenye kiwanda cha uchapaji nyuma ya River Road. Mitambo iko chini, mimi niko juu na kalamu nyekundu, nasahihisha prufu, zile nakala za majaribio, za vitabu vya shule, nyimbo za kanisa, kadi za harusi na, zaidi ya yote, wasifu wa marehemu. Nimewasoma wafu wa nchi hii kuliko mchungaji yeyote. Na nakwambia, hakuna uongo uliochapishwa mara nyingi kama maneno haya: "Aliugua kwa muda mfupi." Baba aliugua kwa miaka kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja mikono yake ilikuwa inatupwa huku na huku kama ya mtu anayefukuza nyuki, akipasua vikombe, akiongea maneno yaliyokatika, akikasirika kwa jambo dogo na kulia kwa jambo dogo zaidi. Kisha tukaandika muda mfupi. Nasema tukaandika kwa sababu mwandishi nilikuwa mimi, na hata koma niliziweka vizuri.

Mwaka jana, mwezi wa tisa hivi, kalamu yangu ilianza kuruka. Nataka kufuta herufi moja, mkono unachota mstari mzima. Siku moja nikiteremka ngazi na bunda la prufu nilijikwaa pasipo na kitu, karatasi zikamwagika mpaka chini kwenye mitambo. Onesmo, yule fundi wa mtambo mkubwa, akaniokotea akicheka: "Madam, leo umeamkia wapi? Hata sisi hungoja mwisho wa wiki." Watu wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilipokaa nilimkumbuka Shangazi Rebeka, dada yake Baba. Unakumbuka alivyofukuzwa kwenye umoja wa akina mama wa kanisa kwa ulevi? Mama huyo hakuwahi kuonja hata togwa. Alikuwa akitembea kama mlevi, na hiyo ilitosha.

Nikaenda hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke mdogo kuliko viatu vyangu. Nilijitayarisha kubishana naye. Hakunipa nafasi. Alinitembeza chumbani, akanitazama ulimi, akanitazama macho yakifuata kidole chake, kisha akachukua karatasi tupu.

"Tuchore ukoo, Mama," akasema. "Mwanamume sanduku, mwanamke duara. Aliyeugua namna hii tunamjaza wino. Tuanze na juu kabisa unakokumbuka."

Nikampa babu mkuu, Agufana wa kwanza, yule ambaye kijiji kilisema alikufa akicheza bila ngoma. Akajaza wino. Nikashuka kwa babu yetu Zakaria, mwanawe. Nikasema huyu hakuwa na kitu. Akaacha sanduku jeupe. Nikashuka kwa Baba, Agufana wa pili. Wino. Nikamwambia, na unisamehe kwa kumwaga siri ya boma, kwamba kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia kufa, na kwamba familia imehitimisha kuwa ugonjwa huu unafuata jina: Agufana akaugua, Zakaria akapona, Agufana akaugua. Nikamwambia sasa kuna Agufana wa tatu, na kwamba watu wanamtazama akishika kikombe.

Hakucheka. Aliirudisha kalamu kwenye lile sanduku jeupe la Zakaria.

"Huyu alikufaje?"

"Alipigwa na radi. Akifunga ndama chini ya mti."

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Thelathini. Pengine thelathini na mmoja. Alimwacha Baba akitambaa, na Rebeka tumboni."

Akaweka kalamu chini. "Mama, ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza mtu akishapita thelathini na tano, arobaini, hata hamsini. Huyu hakupona. Huyu hakufika."

Nilikaa pale, Enoka. Kwa vizazi vitatu tumejenga imani nzima juu ya radi. Kama babu Zakaria angefunga ndama yule nusu saa baadaye, angeishi akaanza kuangusha vikombe, na hakuna mtu hata mmoja angefikiria jina. Tungekuwa na baba, mwana na mjukuu, wote watatu wamejaa wino mfululizo, na hata asiyejua kusoma angeona kwamba kitu hiki hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Rebeka tulimtoa kwenye hesabu kwa sababu hakuitwa Agufana. Tukamwita mlevi ili hesabu yetu itimie.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya kazi yangu, kwa maana ndiyo niliyouelewa kwayo. Unaitwa ugonjwa wa Huntington. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maandishi ya kumjenga, nakala mbili: moja ametoka nayo kwa baba, nyingine kwa mama. Sura moja ya maandishi hayo inaitwa jeni. Katika jeni moja kuna mahali ambapo herufi tatu, C na A na G, hurudiwarudiwa. Kila binadamu anazo, hata wewe, hata mchungaji wako. Wengi wanazo mara kumi na kitu au ishirini na kitu, na hakuna neno. Lakini kuna watu ambao kidole cha mpangaji chapa kilikwama kwenye kitufe, herufi zile zikarudiwa mara arobaini na zaidi. Hapo sentensi inaharibika. Mwili unaisoma hivyohivyo ilivyoharibika na kutengeneza kitu kibovu kinachoua ubongo polepole, hasa sehemu inayotawala mwendo, kisha hasira, kisha fikra. Dawa za kutuliza kutupwatupwa kwa mikono zipo. Ya kusahihisha kosa lenyewe bado haijapatikana, ingawa watu wenye akili wanaitafuta.

Baba alikuwa na nakala moja nzima na moja mbovu. Mtoto hupewa moja kati ya hizo. Ni sarafu inayorushwa, na kwa kila mtoto inarushwa upya. Haikumbuki ilivyoanguka kwa mwenzake. Usijiambie kwamba kwa kuwa kuna watoto wawili basi mmoja ameuchukua na mwingine amepona. Sarafu haigawi kama mama anavyogawa nyama. Na aliyepata nakala nzima hana cha kumrithisha mwanawe, mambo yameishia kwake. Haurukii kizazi. Hauambukizwi kwa kula sahani moja, wala hauletwi na jirani, wala haumo kwenye chakula alichopika mke.

Mimi nilipewa jina la nyanya yake Mama, mwanamke aliyekufa akiwa na miaka tisini na jembe mkononi. Kwa hesabu ya Mzee Elija, mimi ndiye mtu aliye salama kuliko wote katika ukoo huu. Nilipima. Kabla ya kutoa damu kuna mshauri ambaye huzungumza nawe siku kadhaa, muuguzi wa makamo mwenye sauti ya chini, ili uwe na hakika unataka kujua. Majibu yalichukua wiki nyingi. Siku ya kuyachukua nilikwenda na binti yangu Debora, aliomba ruhusa ofisini kwao. Tulikaa kwenye benchi la chuma.

"Mum," akaniambia, "wakisema ndiyo, usianze kubishana na daktari."

"Sitabishana."

"Utabishana. Utamwambia karatasi yake ina makosa ya chapa."

Tukaingia. Daktari hakuzunguka. Akasema ndiyo, herufi zimerudiwa mara arobaini na tatu, na dalili nilizo nazo ni za ugonjwa huo. Nami nikamwuliza kama wamehesabu mara mbili. Debora akaangalia dari.

Kwa hiyo ndiyo hiyo habari ya mwili wangu, Enoka. Mimi Kageha, nisiye na jina la Agufana, ninao. Nimeandika sentensi hiyo bila kuisahihisha. Niliporudi nyumbani siku ile nilinunua parachichi mbili pale stendi, nikamsuta mwenye duka kwa kuniwekea iliyooza, nikapika, nikala. Nilitaka kuona kama bado mimi ni mimi. Nilikuwa mimi. Kazini nimemwambia mwenye kiwanda, na tumekubaliana nisahihishe kwa macho na kijana mwingine ashike kalamu. Natembea kila asubuhi kutoka hapa mpaka Kawangware na kurudi, kwa maana daktari amesema mwili unaotembea hushindwa polepole zaidi. Nina miaka ya kufanya kazi mbele yangu na nitaifanya yote.

Debora hataki kupima. Sarafu yake ni ileile yangu na yako. Nilimbishia siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Mum, ni mwili wangu. Nikitaka kujua nitakwambia. Usiniandikie makala." Nikaenda kumshtaki kwa yule muuguzi mshauri. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mama Debora, kujua ni haki ya mtu. Na kutojua ni haki yake pia." Sentensi hiyo siipendi. Nimeitafuta kosa kwa miezi miwili na sijalipata.

Hayo yote ndiyo niliyomwambia Agufana Jumamosi ile, akiwa ameketi hapa kwenye kochi langu na viatu vyake vya cheche. Nilimchorea masanduku na maduara. Alielewa upesi kuliko mimi. Wanaochomelea vyuma wanajua kuona pale kiungo kilipo.

"Kwa hivyo kama buda hana, mimi sina?"

"Huna, na watoto wako hawana. Imeisha hapo."

"Na kama anayo?"

"Basi kwako ni sarafu."

Nje watoto walikuwa wakigombania baiskeli. Halafu akasema, "Hospitali wanaweza kunipima mimi pekee, bila yeye?"

"Wanaweza. Wewe ni mtu mzima."

"Wakinipata nayo?"

Hakuningoja. Akajijibu mwenyewe.

"Wakinipata nayo, inamaanisha buda anayo. Nitakuwa nimempima na hajui. Zii, Anti. Hiyo ni yake. Siwezi kumfungulia barua yake."

Enoka, huyo ndiye unayetaka kumvua jina. Una haki ya kujua kwamba mwanao amekaa na swali linalohusu maisha yake yote, na amechagua kutolijibu, kwa heshima yako. Sijasoma kitabu chenye mwana kama huyo.

Jumapili iliyopita mimi naye tulikwenda Mountain View kwa wazazi wa Mwende. Baba yake, Mzee Mutua, ni mtu wa Machakos aliyestaafu kazi ya serikali. Miaka thelathini alitunza majalada. Amekaa wima kama jalada. Mama yake Mwende akatuletea chai na mihogo, na Mzee Mutua akaanza.

"Mama Debora, tumeambiwa tungoje jina lioshwe. Mimi nimeshughulika na majina ya watu tangu nikiwa kijana. Nimeona yaliyoandikwa vibaya, nimeona yaliyoibiwa. Lililochafuka sijawahi kuona. Sasa tuambie, kuna nini?"

Nikamwambia. Niliweka mikono yangu mezani aione. Nikamwambia ninao, nikamwambia kaka yangu ni nusu kwa nusu na hatujui, na kijana huyu anafuata nyuma ya hapo. Mama yake Mwende aliacha kumenya muhogo.

"Na watoto watakaozaliwa?" akauliza. "Wajukuu wangu?"

Nilikuwa na majibu mengi ya werevu, Enoka. Niliyaacha yote. Nikamwambia, "Sina ahadi ya kukupa, Mama. Kuna njia za kupima kabla, na madaktari watawaeleza. Lakini nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya."

Hapo Mwende akaingia kutoka jikoni, kitambaa cha vyombo begani. "Mama, mnazungumza kama mnanipa habari. Aliniambia siku ileile alipojua, hata hajaoga. Nimeshalia, nimeshamaliza. Nataka Agufana. Sitaki Emanueli, simjui huyo."

Mamake akamwambia akatafute sukari. Sukari ilikuwa mezani. Mzee Mutua akacheka kidogo puani, kisha akanigeukia, na hili ndilo neno lake, nimelibeba kama lilivyo:

"Binti yangu ni mtu mzima na ameamua. Wagonjwa hata kwetu tunao. Dada yangu alikatwa mguu kwa sukari na tulimwoza binti yake tukisema hivyo wazi. Lakini sitapokea ukoo ambao umetuma shangazi peke yake. Baba ya kijana aje hapa, akae kwenye kile kiti, aseme kwa mdomo wake: kwetu kuna ugonjwa huu. Si lazima aseme anao. Aseme upo. Akija na kondoo tutamla pamoja. Akija na jina jipya, arudi nalo."

Ametoa siku. Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Najua ndiyo Jumamosi mliyopanga makaburini. Sikuichagua mimi, lakini sitajifanya nimehuzunika.

Kwa hiyo uchague, kaka. Huwezi kuwa mahali pawili.

Najua utaniambia ni mila, na kwamba mimi mji umenila. Hapo nitakupinga mpaka mwisho. Mila gani? Mama alipomwota Baba mwaka ule baada ya mazishi, akasema mtoto wako achukue jina lake, mila ilikuwa hiyo. Sisi tunampa mtoto jina la aliyekufa ili aliyekufa asipotee. Mpaka leo ukimwita kijana yule, Baba anaitwa. Kumwosha mtu jina makaburini ni jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kuliona likifanyika. Mzee Elija amelitunga juzi, akachanganya kipande cha mahubiri na kipande cha hofu, na akakuuzia kama urithi wa mababu. Wewe ndiye mlinzi wa boma. Ukiacha jina la Agufana kaburini, utakuwa umemzika Baba mara ya pili, na safari hii ukijua.

Kuna jambo moja zaidi, na nitalisema mara moja tu. Pasaka nilikuona ukinywa chai kwa mikono miwili. Huenda ni baridi. Huenda ni miaka yako hamsini na saba. Sikuulizi. Kwa mara ya kwanza maishani nina swali na silisemi. Lakini nimefikiria kwa nini mtu mwenye akili kama zako, mtu aliyenifundisha kusoma, ashikilie kwa nguvu namna ile kwamba ugonjwa uko kwenye jina. Nikaona kwamba jina hilo wewe huna. Nikaelewa, na hasira yangu yote ya Pasaka ikaniaibisha. Ukitaka kujua, nitakwenda nawe na nitakaa kwenye lile benchi la chuma. Usipotaka, hutasikia neno kutoka kwangu, na hilo si jambo dogo, unanijua. Ninachokukatalia ni kimoja tu: kumbebesha mwanao mzigo wako ili wewe utembee mwepesi.

Panda basi la asubuhi Ijumaa. Linafika mjini alasiri, nitakuwa stendi nikikungoja. Utalala hapa kwangu. Debora atahamia kwenye kochi. Jumamosi tutakwenda Mountain View sote, na mimi sitafungua mdomo isipokuwa uniombe. Kondoo mwacheni aendelee kula majani.

Na hili mlizungumze wewe na wifi yangu kabla hujasafiri. Nimewaambia Agufana na Mwende kwamba wakijaliwa msichana, aitwe Kageha. Najua mtoto hupewa jina mwenye jina akishaondoka. Mimi sitaki kungoja. Nataka nimsikie akiitwa nikiwa hai, tuitike wote wawili. Wamekubali. Wewe ukilikataa jina langu kwa sababu nina ugonjwa, basi simama mbele yangu useme hivyo. Na ukilikubali, niambie kwa nini la Baba lioshwe.

Msalimie wifi yangu Selina, mama wa nyumba yako, mwambie nguo yake ya kuvaa harusini nimeshaiona mjini na ni ya kijani. Msalimie Mzee Elija, ami yetu, kwa heshima zote. Mwambie nina neno naye, ana muda wa kujitayarisha. Wasalimie majirani waliokuja kunisalimia Pasaka.

Na Mama umsomee wewe mwenyewe kipande hiki, polepole, akiwa amekaa. Mwambie habari zangu za ugonjwa nitamletea kwa mdomo wangu. Lakini mwambie leo kwamba Baba alizaliwa na ugonjwa ule. Alikuwa nao akinyonya, akichunga ng'ombe, kabla hajajua kwamba kuna msichana anaitwa Mama duniani. Wale waliosema kwa miaka ishirini na tisa kwamba Mama alimlisha Baba kitu walisema uongo, na mwanawe msahihishaji ameushika uongo huo na kuupiga mstari mwekundu.

Ni mimi dada yako mdogo, mbishi wako wa siku zote,

Kageha